Hedifoni Zangu na Citera ya Baba Mkwe

Jumapili, 12 Januari

Mke wangu Piroska yuko kanisani. Nimejifungia bafuni, mahali pekee penye kimya katika nyumba hii, hedifoni mpya kichwani. Mungu wangu! Vikombe vya mbao ya mwaloni. Mgongo uko wazi, una wavu tu, sauti inapumua. Nimesikiliza fidla mbili, fiola na selo. Nimemsikia mpiga selo akivuta pumzi. Nimesikia kiti chake kikilia. Hedifoni zangu za zamani zilinipa muziki tu. Hizi zimenipa mpaka kiti!

Sasa niandike ukweli, maana shajara hii haisomi mtu. Sikuzinunua. Mzee Tormási, fundi wa hedifoni wa mji wa Kecskemét, hataki fedha, anataka ala za kale, ndipo akupe hedifoni. Nami ala ilikuwepo nyumbani. Citera ya marehemu baba mkwe, kile kinanda chake cha nyuzi cha kulaza mezani, imekaa juu ya kabati miaka minne bila kuguswa. Kitu kisichoguswa kina mwenyewe kweli? Nimemwambia Piroska iko kwa fundi, inatiwa nyuzi mpya. Alifurahi mno, akanibusu. Busu lile sikulipenda.

Jumatatu, 13 Januari

Balaa! Piroska ametangaza mezani kwamba Jumamosi, siku ya jina lake, wageni wakija saa kumi, atapiga citera. Nikamuuliza ameanza lini kupiga. Akasema baba yake alimpigia wimbo uleule kila siku ya jina lake tangu utotoni, na tangu mzee afe siku hiyo imekuwa bubu, kwa hiyo mwaka huu ataupiga mwenyewe. Fundi si atakuwa amemaliza? Nikasema bila shaka.

Huwezi hata kujifanya umesahau. Hapa Hungaria kila siku ya kalenda ina jina la watu wake, na tarehe kumi na nane imeandikwa Piroska, hata kwenye kalenda ya bucha.

Nimempigia Mzee Tormási simu kutoka kwenye ngazi. Akasema nizirudishe kabla ya Jumatano mchana, nitaondoka na citera yangu. Baada ya hapo asilaumiwe. Nikasihi. Akasema, haya, iko njia moja tu nyingine: nimletee hedifoni za Bi Etelka.

Bi Etelka ni mwenyekiti wa Chama chetu cha Wasikilizaji hapa Szeged. Ana miaka sabini na tisa, amefundisha fidla watoto wa mji mzima. Zake zilitengenezwa kwa mkono huko Vienna na fundi ambaye sasa yuko kaburini. Na Jumamosi hiyohiyo, saa nne asubuhi, anazitoa zawadi kwa mwanachama mwenye sikio bora! Jaribio la kufungwa macho: unavalishwa hedifoni za washindani na zake mwenyewe, unazihukumu kwa sikio tu. Tumejiandikisha wawili: mimi, na Daktari Ottó Vadkerti, mng'oa meno. Mtu ambaye kutwa anasikiliza mashine ya kutoboa meno, naye anajiita sikio.

Jumanne, 14 Januari

Nimeamua kuwa mwungwana. Nimezifunga hedifoni kwenye sweta, nikaenda stesheni kuzirudisha. Theluji. Dakika ishirini kabla ya treni. Nikasema nisikilize mara moja ya mwisho, kuagana tu. Okestra, ile sehemu ya polepole. Nikafumba macho. Mara, upande wa kushoto, nyuma kabisa ya okestra, tarumbeta ikalia. Kwa mbali, peke yake, yenye huzuni. Rekodi hii ninayo miaka kumi na moja, na tarumbeta hiyo sikuwahi kuisikia! Machozi yalinitoka. Nikasema moyoni, hedifoni zinazofichua jambo kama hili hazirudishi mtu mwenye akili.

Nikafumbua macho. Ilikuwa honi ya treni. Treni yenyewe ilishaondoka.

Jumatano, 15 Januari

Sirudishi kitu. Kwa nini nirudishe, na Jumamosi nashinda? Saa nne jaribio. Saa sita na nusu treni, na hedifoni za Bi Etelka mkononi. Saa kumi citera iko mezani, na hedifoni zangu bado ninazo. Hakuna kilichopotea, hakuna aliyejua.

Ila leo mchana nimemwona Ottó kwenye tramu, sanduku jeusi mapajani. Nikamuuliza anaelekea wapi. Kecskemét, akasema, kwa Mzee Tormási, zile kubwa zake zinataka mito mipya ya masikio. Citera ile ina jina la baba mkwe ndani, Bagi Vendel, limechomwa kwa chuma cha moto, na Bagi Vendel alimfundisha mama yake Ottó kupiga. Nikamwambia hali ya hewa mbaya, asiende. Akacheka, akasema kumbe nina huruma kuliko watu wanavyosema.

Nimejituliza. Yule haoni kitu kisicho na meno.

Alhamisi, 16 Januari

Mzee Tormási hapokei simu. Nimepiga mara sita.

Na Piroska ana jambo. Kanipakulia supu ya samaki, kaniwekea kipande kikubwa, kisha kakaa ananitazama nakula. Akauliza citera iko kwa fundi gani. Nikasema yuko Makó. Akasema, "Makó najua vitunguu, Dezső. Mafundi wameanza kuota lini?" Nikasema ni mgeni, amehamia. Kisha akauliza, kwa upole wa kunitia baridi, kama kuna kitu ningependa kumwambia.

Kilikuwepo. Kilifika mpaka kooni. Nikasema supu imepungua chumvi.

Akaamka, akaleta chumvi.

Ijumaa, 17 Januari

Sipendi kuacha jambo kwa bahati. Nimeshona fundo dogo la uzi ndani ya mto wa kushoto wa hedifoni zangu. Nikifungwa macho, sikio litalihisi. Zile za Bi Etelka zinanuka kafuri, utazijua hata ukiwa na mafua. Zilizobaki ni za Ottó. Kuzitambua hizo ndiko kulikoninyima raha wiki nzima: ni nzito kama zangu, na lazima nikiri katika fidla za juu ni safi kuliko zangu. Baridi, lakini safi.

Basi leo tumepeleka vyombo kwa Bi Etelka. Nikambusu mkono, nikaweka zangu mezani. Ottó akatoa mfukoni… vidude viwili vya plastiki na sifongo! Vya dukani, pale karibu na pipi! Nikamuuliza zile kubwa ziko wapi. Akasema amezibadilisha na kitu cha maana zaidi. Nilicheka mpaka nikashikilia hita ya ukutani, nikaungua. Nikamwambia, "Daktari, umejing'oa meno mwenyewe!" Bi Etelka akasema, "Lala mapema, mwanangu. Kesho utahitaji masikio."

Zote tatu sasa nazijua kwa kugusa. Siwezi kushindwa.

Jumamosi, 18 Januari

Niandike yote.

Saa nne kamili, ukumbi wa maktaba. Piroska nilimwacha jikoni akikanda unga wa wageni. Kura imeniangukia mimi kwanza. Kitambaa machoni. Bi Etelka akasema leo hakuna okestra. Ni kinanda kimoja, citera, wimbo mmoja mfupi, mara tatu, kwenye hedifoni tatu tofauti. Niseme ipi iko karibu zaidi na citera ya kweli. Aliposema citera, jasho likanitoka. Lakini wengi wanapiga citera hapa kwetu, nikasema moyoni, isiwe mtu anakufa kwa neno.

Ya kwanza. Fundo likanigusa sikio. Nikasifu kabla wimbo haujafika kati. Nikasema nasikia kucha juu ya waya, nasikia meza chini ya mbao, nasikia hata pumzi ya mpigaji. Ya pili, kafuri. Nikasifu kwa adabu, maana ndizo nazitaka: sauti ya joto, nikasema, ila nyuzi nene zimevimba kidogo.

Ya tatu. Nyepesi, sifongo linawasha. Niliuma midomo nisicheke. Wimbo ukaanza, nami nikaanza juu yake. Nikasema hii ni bandia, hata mtoto angejua. Mbao imekufa. Nyuzi zinapiga kelele. Mpigaji ana vidole vya mti, anasitasita, hana moyo. Nikasema ningekuwa mwenye kinanda hicho ningekipasua kuni.

Wimbo ukakatika katikati.

Mtu akavuta kamasi. Nikangoja makofi. Hayakuja. Nikavua kitambaa mwenyewe.

Ottó alikuwa amesimama mbele yangu, ncha ya waya wa hedifoni mkononi. Haikuchomekwa popote. Nyuma yake, hatua mbili kutoka nilipokaa, mezani, citera ya baba mkwe. Na Piroska, gauni lake la buluu, unga bado kwenye kiwiko, vidole juu ya nyuzi. Sifongo halizuii kitu. Mara ya tatu nilikuwa nasikiliza citera yenyewe.

Akasema, "Mbao iliyokufa hiyo ni ya baba yangu, Dezső. Na vidole vya mti ni vyangu." Kisha akasema polepole kwamba wimbo ule nimeusikia kila mwaka, miaka kumi na minane, nimekaa pembeni ya baba yake nakula keki. Alinipa nafasi Alhamisi, na mimi nikaomba chumvi.

Nilitaka kusema nimeutambua. Sikuwa nimeutambua.

Ottó alizitoa hedifoni zake kubwa Jumatano, akaichukua citera, akaileta mlangoni kwetu jioni ileile. Bi Etelka akamkabidhi zile za Vienna. Akasema shindano limekwisha, aliyesikia kilichokuwa kinahitaji kusikiwa ni mmoja tu.

Saa kumi wageni walikuja. Mimi niliambiwa nibaki ukumbi wa kuingilia, na makoti. Piroska alipiga wimbo wote bila kusita. Nililia ndani ya koti la mtu. Naandika hapa wazi: nimeona aibu, na nimemwumiza mtu nimpendaye kuliko kitu chochote.

Kutoka kwenye makoti, sauti za juu zilipungua kidogo.

Jumapili, 19 Januari

Piroska anazungumza na paka. Kwa paka nimejua kuna mkate, na kwamba citera sasa inakaa ndani ya kabati, imefungiwa, ufunguo anao yeye shingoni.

Nimemwandikia Bi Etelka barua ya malalamiko. Citera ya kweli haikupimwa ukubwa wa sauti kabla ya kushindanishwa na rekodi. Jaribio la namna hiyo halina thamani popote duniani.

Saa tano Mzee Tormási amepiga simu. Hedifoni kubwa za Ottó anazo dukani, mito mipya, hazijaguswa na mtu. Nikamweleza yaliyonipata, akanipa pole. Kisha akauliza, kwa kuuliza tu, nyumbani kwangu kuna mbao yoyote ya kale, maana anatengeneza vikombe.

Nimelitazama kabati. Ni la baba mkwe. Mwaloni mtupu, miaka mia, wala haligusi mtu isipokuwa Piroska, na yeye anagusa mlango tu.

Nimemwambia aniwekee mpaka Jumatano.