Asali ya Kumpata Zuhura

Jumanne, 7 Oktoba 2025
Yusuph kampelekea Mzee Salehe wa Mlali dumu zima la asali! Kujipendekeza tu. Anamtaka Zuhura, binti wa mzee, ninayemtaka mimi. Wazee wa Yusuph wanapeleka posa Ijumaa. Mimi sina mizinga, ila nimeona nyuki kwenye tundu la mkuyu nyuma ya nyumba ya mzee. Kesho narina. Bibi kaniasa: asali hurinwa jioni, kwa moshi mdogo, bila manukato. Nimeitikia. Lakini gizani Zuhura ataniona vipi?

Jumatano, 8 Oktoba
Kituo cha afya. Naandika kwa jicho moja.
Nilifika saa saba mchana. Kanzu safi, marashi shingoni na kwapani. Majirani walikuwa wakichoma mashamba, nyuki wameshaudhika. Nikawasha majani makavu chini ya mkuyu. Moto mkubwa. Mungu wangu! Tundu dogo vile, nyuki wote wale! Nikakimbilia kwa mzee. Zuhura alikuwa uani anaosha vyombo. Nikampita, nikaingia jikoni, nikatia komeo.
Yeye alibaki nje.
Nilimsikia akigonga. Ningefungua, lakini nyuki nao wangeingia.

Alhamisi, 9 Oktoba
Nesi Winfrida kanitoa miiba thelathini na mmoja. Akauliza nilijipaka nini. Nikasema marashi. Akaita wenzake waje kunusa! Anasema kila mashamba yanapochomwa benchi lake hujaa, ila aliyewaendea nyuki amejipulizia ndiyo kwanza anamwona. Nimemchungulia Zuhura wodi ya wanawake. Midomo imevimba, nilishtuka. Nikampa pole. Akageukia ukutani. Ni haya tu, mama yake alikuwepo.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimekwisha! Zuhura karuhusiwa asubuhi, nami pia, na baada ya swala wazee wa Yusuph wakafika. Shangazi wa Zuhura kamuuliza mara tatu kama anamkubali Yusuph. Kimya. Na kimya cha mwali ni ridhaa. Shangazi akatoka na vigelegele!
Nikamkimbilia mzee. Nikatoa shikamoo, nikamweleza ridhaa hiyo haifai, binti kavimba midomo, hawezi kusema. Mzee akajibu kwamba uvimbe umeshuka, chai kanywa vikombe viwili na umbea kapiga hadi adhuhuri. Kisha akaniomba nisisimame karibu na mlango.
Maskini mzee, hajui kitu. Zuhura alitaka kukataa, akashindwa kufumbua mdomo. Harusi ni mwezi ujao, muda upo. Jumapili narudi mkuyuni, saa saba, anione vizuri.