Besi ya Mama Rogathe

Twalha alikuwa na kanuni moja ya maadili: mtu hadhulumiwi kitu asichojua kwamba anacho. Kanuni hiyo ndiyo iliyompeleka Maisaka, mjini Babati, sebuleni kwa Mama Rogathe, mjane wa mpiga besi, ambako gitaa la marehemu lilikuwa limeegemezwa kabatini na daraja lake, kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi, likiwa limeota kutu ya heshima.

Aliyemdokeza ni Modesti, fundi vyuma wa sokoni. "Lile daraja ni la mwaka sitini na mbili," alisema, "na mwenyewe analifuta kwa kitambaa cha vyombo." Huko Arusha, Bwana Severine, wakili mstaafu na mkusanyaji wa magitaa ya kale, alikuwa akinunua viungo asilia kwa bei ambayo watu wenye akili timamu hununulia kiwanja.

"Shikamoo, Mama Rogathe."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa kanisani au wa umeme?"

"Ni mtaalamu wa ala za muziki. Gitaa hili linaumwa, mama. Kutu ikifika kwenye mbao, ndiyo basi tena. Nipe hilo daraja nikalisafishe. Bure, kwa kumuenzi marehemu."

"Bure?" Mama alishika kifua. "Mungu akuzidishie. Ila lirudi linang'aa, baba. Nikiona mkwaruzo nitapiga kelele mpaka Mutuka wasikie."

Mpango ulikuwa mwepesi: nakala irudi kwa mjane, asilia iende Arusha. Hata hivyo, nakala mbovu ingemzindua mama, na Modesti, aliyepewa kazi ya kuifua, hakutaka masihara. Alidai shaba safi, skrubu za kweli, na nikeli ya kupakwa na fundi wa mbali. Twalha akauza pikipiki yake, iliyokuwa ikimlisha siku ambazo uongo haukutembea. Hakikubaki kingine cha kuuza. Daraja hilo lisipouzika, angerudi kuwa mtembea kwa miguu, cheo ambacho alikuwa amekiacha kwa jasho, ingawa si lake.

Nakala ilipofungwa, Mama Rogathe alipiga uzi mmoja, akainamisha kichwa, akasikiliza. "Limekaa," alisema. Twalha alihisi huruma ikimjia, akaizuia kwa wakati.

Kesho yake, jijini Arusha, Bwana Severine alivaa miwani, akakwangua kutu kwa kisu kidogo, akanusa.

"Umelitoa Babati?"

"Kwa mjane mmoja, mzee, ambaye—"

"Wa Maisaka. Hili ni bati la kengele ya ng'ombe, limezikwa kwenye samadi wiki tatu. Mwaka jana nililetewa sumaku yake ya kunasia sauti. Ilikuwa kopo la samli lililozungushiwa waya. Kijana, cha mwaka sitini na mbili humu ndani ni mimi peke yangu."

Twalha alipanda basi la kwanza kurudi. Mtu anaweza kusamehe wizi. Kinachomshinda ni kuibiwa na mtu aliyemwonea huruma. Aliposhuka Maisaka aliisikia besi tangu barabarani, nzito na safi. Sebuleni, Mama Rogathe alikuwa akipiga, na kando yake Modesti alikuwa akikaza skrubu.

"Mama, nirudishie daraja langu!"

"Salamu kwanza, bwana," alisema Modesti bila kuinua macho.

"Shikamoo. Nirudishie daraja langu!"

"Marahaba. Mume wangu aliniachia mbao na nyuzi mbili, baba," alisema Mama Rogathe kwa upole. "Sumaku kaileta kijana wa Kondoa. Swichi kaileta mmoja aliyejiita mchungaji. Wote walikuja kunisafishia bure, wakaondoka na kutu ya Modesti, wakaniachia kipya. Lakini kazi yako imewazidi wote."

"Nakwenda polisi!"

"Nenda. Uwaeleze na wewe ulichokuja kuchukua."

Twalha alizingatia maelezo hayo, akaketi. Akaletewa chai, akainywa yote.

"Kimebaki nini?" aliuliza hatimaye.

"Funguo za kukazia nyuzi. Moja inateleza, na kwaya nzima ninayoipigia kanisani inateleza nayo."

"Anayemleta mtu," aliongeza Modesti, "ujira wa nakala tunagawana naye."

Twalha alitoa simu. Huko Katesh aliishi Kasura, mjanja mwenzake, mwenye pikipiki mbili na dhamiri isiyomsumbua.

"Kasura, mambo? Uko peke yako? Sikiliza, kaka. Kuna mjane mmoja huku, mama mcha Mungu kabisa..."

Mama Rogathe aliweka kiganja juu ya nyuzi, besi ikanyamaza.

"Usiseme mcha Mungu," alinong'ona. "Huwatisha. Sema haoni vizuri."