Kompyuta Tatu za Chama cha Mpunga

Wananchi wa Kyela mnatangaziwa kwamba mwaka 1998 Chama chetu cha Wakulima wa Mpunga kiliingia rasmi katika utandawazi, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Nilikuwepo. Mimi ndiye mhudumu wa ofisi, mjane, mwanachama mwenye jaruba moja la mpunga kule Ndandalo. Niliachiwa na marehemu, na ndilo linalolisha wanangu wanne. Nalitaja kwa sababu Mwenyekiti wetu, Bwana Hezroni, aliahidi kwamba kompyuta zitagawa majaruba upya, "bila upendeleo wa kibinadamu." Nilimshukuru Mungu, kisha nikazidisha maombi.

Kamati ya Uteuzi wa Vifaa vya Kisasa ilifanya kazi kwa weledi. Kompyuta tano za mitumba, alizoleta fundi Ridhwani kutoka Mbeya, zilipandishwa moja moja kwenye mzani wa kakao.

"Mwenyekiti, kompyuta hainunuliwi kwa kilo," fundi akasema.

"Fundi, nimenunua kakao miaka ishirini. Punje nyepesi ni punje mbovu."

Tatu nzito zikapita. Iliyozidi zote ikaenda kwa Mwenyekiti, ya pili kwa Katibu, ya tatu kwa mtunza ghala. Ikabaki kuziunganisha.

"Waya utoke kwangu uende kwao," Mwenyekiti akaagiza. "Usirudi. Mimi nione ya kwao, wao wasione ya kwangu."

"Mzee wangu, waya haujui cheo."

"Basi ufundishe."

Kamati iliandika kwamba fundi ana kipaji ila hana adabu.

Printa, ile mashine ya kutoa karatasi, ilikoroma kuliko mashine ya kukoboa mpunga. Ikaamuliwa ikae mezani kwangu, huku nje wanakosubiri wageni, isije ikavunja hadhi ya ofisi kuu. Mwenyekiti akakata utepe. Tukapiga makofi.

Alhamisi, siku ya wanachama kuleta shida zao, benchi lilijaa. Mwenyekiti alikuwa amejifungia, tukimsikia anabonyeza kompyuta yake. Karatasi haikutoka mbele yake, kwa hiyo akabonyeza tena, na tena, kama anayemwamsha kiziwi.

Printa ikaanza kukoroma. Nikasoma, maana darasa la saba langu lilikuwa la kusoma kweli: "SIRI. Wajane wa kunyang'anywa majaruba." Tulikuwa kumi na mmoja. Mimi wa nne. Chini yake: "Wa kupewa." Mashemeji wa Mwenyekiti, kumi na mmoja. Hesabu safi, bila upendeleo.

Zilitoka nakala ishirini na tatu. Nikagawa. Ndiyo kazi ya mhudumu.

"Mama Anyitike!" akaniita kutoka ndani. "Mtandao umekufa!"

Tusajigwe, mjane wa saba, akamjibu kutoka kwenye benchi: "Haujakufa, malafyale, chifu wetu. Umetufikia. Ndaga fijo, asante sana!"

Mlango ukafunguka. "Nani kawapa hizo?"

"Wewe, Mwenyekiti," nikasema. "Kila mtu na yake. Hata ya kwako ipo."

Wanachama wakainuka, wakampita, wakaingia ofisini kwake kwa kikao cha dharura na kufunga mlango. Yeye nikamwonyesha benchi, maana anayesubiri huketi. Kikao hakikufika hata muda wa chai kuchemka. Majaruba yalibaki kwa wenyewe. Kilichogawiwa upya ni kiti.