Sikio la Kulia Lisisafiri

Garsen, Mto Tana
Tarehe 9 Februari 1956

Kwa Bwana Mudiri wa Serikali, Kipini,

Assalaam aleikum. Uniwie radhi kwa barua ndefu, lakini jambo lenyewe ni refu: linaanzia hapa kwetu Garsen na linataka kuishia Unguja. Mimi ni Swaleh Godhana, mkulima wa mahindi na ndizi ukingoni mwa mto, babake Tuneya, msichana wa miaka tisa. Mamake ni Mashavu, mshonaji wa Kipini, ambaye tuliachana kwa wema mwaka 1953, isipokuwa siku tatu za mwisho.

Mbele ya Kadhi tulipatana hivi: mto ukijaa, mtoto akae Kipini kwa mamake, mto ukishuka, akae kwangu. Ili pasiwe na ugomvi juu ya maana ya kujaa, tulimchagua Bwana Dida Molu, mfugaji asiye na upande, awe ndiye mtoaji habari. Ng'ombe wake wakivuka kwa miguu, mtoto ni wangu. Wakiogelea, ni wa Mashavu. Kwa miaka mitatu ng'ombe hao wametuamua vizuri kuliko jamaa zetu.

Sasa, Bwana Mudiri, Ijumaa iliyopita Mashavu alifika mwenyewe mlangoni kwangu na karatasi kutoka kwa karani wako. Karatasi yasema kwamba Unguja ni ng'ambo, na mtoto wa wazazi walioachana havuki bahari mpaka baba na mama wote wawili watie sahihi. Anataka kumpeleka kwa daktari wa masikio, wakae huko miezi mitatu kwa mjomba wa mtoto.

"Baba Tuneya," akaniambia, "mtoto hasikii."

"Anasikia anachotaka kusikia," nikamjibu. "Hilo amelirithi kwako."

Hakucheka. Aliiweka karatasi juu ya kinu, akaenda kwa shangazi yake kungoja jibu. Nami jibu langu nalipitisha kwako, kwa sababu nikimpa yeye atalijibu.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maji sasa yako chini. Ng'ombe wa Bwana Dida wanavuka magoti yakiwa makavu. Hii ni zamu yangu, na Mashavu anaikata safari yake kutoka kwenye zamu yangu kama anavyokata kitambaa. Akitaka kusafiri, asafiri masika, mto ukiwa wake. Naambiwa wakati huo pepo huwa zimegeuka na vyombo haviendi Unguja. Hilo ni baina yake na pepo.

2. Bahari hatukuitaja kwa Kadhi, na bahari imejaa siku zote. Kwa mapatano yetu, mtoto akishaingia baharini anakuwa wa mamake, hata wakipotea njia mwaka mzima. Naomba basi nahodha aamriwe, akifika nusu ya safari, atangaze kwa sauti kubwa kwamba kuanzia hapo mtoto ni wa Swaleh Godhana wa Garsen, na abiria wote washuhudie.

3. Tuneya si kiziwi. Sista Elsie wa zahanati alimpigia kengele ndogo nyuma ya kichwa, mtoto hakugeuka, naye akaandika kwamba masikio yote mawili yanapungua nguvu. Namheshimu Sista Elsie. Lakini kengele ile hata mimi nisingeigeukia. Haina habari yoyote ndani yake. Tuneya ni mtoto mwenye fikira nyingi. Ukimwita shambani haitiki kwa sababu yuko kazini. Ukimwita nyumbani haitiki kwa sababu amechoka.

4. Na kama ni kiziwi, basi uziwi huo uliingia wakati wa mafuriko, mikononi mwa mamake. Kwangu alitoka mzima. Haiwezekani mtu aharibu kitu katika zamu yake akakitengeneze katika zamu ya mwenzake.

5. Nisionekane mkaidi, naleta suluhu. Kila kilicho cha Tuneya tumegawana, hata Iddi: ndogo ni yangu, kubwa ni yake. Masikio nayo ni mawili. La kushoto liwe la mamake na la kulia liwe langu. Mashavu aruhusiwe kwenda na sikio la kushoto, likatibiwe kadiri apendavyo. Sikio la kulia lisisafiri. Najua yote mawili yameshikamana na kichwa kimoja, kwa hiyo naomba karani aandike kwenye pasi kwamba sikio la kulia ni abiria tu, na daktari asiliguse bila barua yangu.

6. Watu wa Garsen waliokwenda Unguja ninaowajua mimi ni watatu. Aliyerudi ni mmoja, naye alirudi kumchukua mkewe. Huyo mjomba ana nyumba ya ghorofa na maji ya mfereji, ambayo hayapandi wala hayashuki. Huko atatoka ng'ombe gani wa kumwambia mtoto kwamba zamu ya babake imefika?

7. Hili naliandika kwa herufi ndogo. Akipona, atasikia. Atasikia watu wanavyosema kwa nini mamake aliondoka. Katika zile siku tatu za mwisho nilitamka maneno kwa sauti, na mtoto alikuwa chumba cha pili. Hajawahi kuniuliza juu yake. Nimekuwa nikijipa moyo kwamba hakuyasikia, na sitaki daktari aanze kumfungua masikio mpaka huko nyuma.

Kwa sababu hizo saba naomba karatasi ya Mashavu isigongwe muhuri. Au, ikibidi igongwe, ng'ombe wa Bwana Dida waangaliwe kwanza na mtu wa serikali.

Nisalimie karani wako mwenye mwandiko mzuri, na askari wa mlangoni, na watu wote wa Kipini, wakiwemo wale waliosimama upande wa Mashavu. Nao ni wengi, wasalimie mmoja mmoja. Bwana Dida naye anakusalimu, ingawa hajui kama nakuandikia.

Ni mimi, mtu nisiyependa ugomvi,

Swaleh Godhana

Baada ya sahihi: Barua hii nilikuwa nimekwisha kuifunga, nikaifungua tena. Alasiri nilishuka mtoni kutafuta ushahidi wa kuongeza kwenye namba tatu. Tuneya alikuwa akisugua chungu majini pamoja na wanawake wanne. Nilisimama nyuma yake kama hatua kumi, nikapiga ukelele: "Mamba!"

Wanawake wote wanne waliruka. Mmoja wao, Kache, aliiacha sufuria yake ikaenda na maji, na aliyoniambia baadaye hayafai kuandikwa kwa serikali. Ng'ambo ya mto mzee mmoja aliparamia mtumbwi na kanzu yake. Tuneya aliendelea kusugua chungu.

Alipowaona wenzake wamekimbia ndipo alipogeuka. Akaniona, akatabasamu, akasema: "Baba, uliniita?"

Swali hilo ananiuliza kila siku, Bwana Mudiri, yapata mwaka sasa. Nilidhani ni adabu.

Karatasi nimetia sahihi, na juu yake nimebonyeza dole gumba, karani asipate la kusema. Namba zote saba zifute. Kesho alfajiri nawapeleka Kipini mimi mwenyewe kwa mtumbwi, yeye na mamake, wawahi chombo cha Jumatano. Mashavu atakaa mbele. Tuneya nitamkalisha katikati anielekee mimi, ili auone mdomo wangu ninaposema naye.