Ini la Mgeni Rasmi na Maabara ya Vimeng'enya

(Hotuba hii niliirekodi kwa simu ya Madam Zipporah, mwalimu wetu wa bayolojia, ili ibandikwe kwenye gazeti la ukutani la klabu ya sayansi. Maneno yaliyo nje ya mabano ni ya mgeni rasmi, Mheshimiwa Pekeshe. Yaliyo ndani ya mabano ni yangu mimi, Mbodze, wa kidato cha nne. Mabano yananifaa. Mtu akiwa ndani ya mabano haitwi mbele.)

Mwalimu Mkuu wa shule hii. Naibu wa Mwalimu Mkuu. Kaimu Naibu, ambaye naambiwa ni yule yule Naibu. Wajumbe wa Bodi mliofika, mliotuma radhi, na ambao hamkutuma radhi lakini tunawajua. Machifu, manaibu wao, na wazee wa vijiji vyote tangu Hewani mpaka Wema. Viongozi wa dini kwa mpangilio wa viti mlivyokalia. Wafugaji, wakulima, na nyinyi mnaofanya yote mawili na kugombana na nafsi zenu (kicheko). Akina mama wa jikoni, ambao harufu yenu imetangulia kuhutubia. Na nyinyi watoto mliokaa chini juani, ambao ndio walengwa wakuu wa kivuli tutakachokijenga katika awamu ya pili: itifaki imezingatiwa, na pale ilipokosewa, ihesabiwe kuwa imezingatiwa.

(Makofi.)

Nasimama mbele yenu hapa Garsen nikiwa Mwenyekiti wa Jopo la Kuratibu Mikakati ya Kuharakisha Sayansi Mashinani, kwa kifupi JOKUMIKUSAMA, chombo ambacho kilianza na kiti kimoja na meza moja, na leo hii, kutokana na uongozi ambao si adabu niutaje ni wa nani, kina viti kumi na viwili. Na nyuma yangu, ndugu wananchi, chini ya turubai hili la buluu, kuna kitu ambacho jana hakikuwepo. Ni maabara ya kisasa ya kontena, yenye meza, masinki, gesi na maji ya bomba, mradi ambao kwa lugha ya kitaalamu tunauita flagship, na ambao umepitia framework, ukapitia public participation, ukapitia kwenye barabara ile mnayoijua, ukafika mzima.

(Kila mtu aligeukia turubai. Lori lilileta vitu alfajiri, na askari mmoja hakuruhusu mtu asogee. Kilichoonekana ni mlango tu wa kijani, umefungwa utepe mwekundu. Nakiri nilikuwa nimeshachagua meza yangu, ile ya karibu na dirisha, ingawa dirisha sikuwa nimeliona. Shule yetu haina maabara. Mwaka jana kidato cha nne walipelekwa shule nyingine, mbali huko upande wa Hola, kufanya mtihani wa bayolojia wa vitendo. Mto ukafurika, barabara ikakatika, wakafika wenzao wanakusanya karatasi. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Alitaka kuwa muuguzi. Mimi nataka hicho hicho, kwa hiyo mnaelewa nilivyokuwa naliangalia lile turubai.)

Sasa, vimeng'enya ni nini? Faili hili lilipofika mezani kwangu niliuliza swali hilo hilo, na kwa kuwa mimi si mtu wa kubahatisha, niliunda kamati ndogo, kamati ikaenda Naivasha kwa warsha, ikarudi imenenepa na jibu: vimeng'enya ni vitu vidogo sana ndani ya mwili vinavyoharakisha kazi bila vyenyewe kupungua. Nikasema, hao nawajua. Mimi nimeharakisha maendeleo ya ukanda huu kwa miaka tisa, na nyinyi ni mashahidi, sijapungua.

(Alijipapasa tumbo. Kicheko kirefu. Mwalimu Mkuu alicheka zaidi ya wote.)

Utafiti wetu wa awali umebaini kwamba asilimia mia moja na nne ya wanafunzi wa delta hii wana vimeng'enya, na hiyo nne ya ziada ni ya wale waliohama na mifugo wakahesabiwa huku na kule. Wataalamu wanazidi kutufahamisha kwamba kimeng'enya na kile kinachokishughulikia ni kama ufunguo na kufuli. Kila kimoja kina umbo lake. Kimeng'enya cha mate kinavunja ugali, hakigusi nyama. Cha tumboni kinavunja nyama, hakigusi ugali. Kila mmoja na docket yake, kama mawaziri. Na mimi, nikiongozwa na mfano huo, nimekuja na huu hapa.

(Aliinua ufunguo mkubwa uliofungwa kitambaa chekundu. Makofi, vigelegele.)

Lakini sayansi si maneno matupu, ni ushahidi. Ndiyo maana niliagiza kabla sijaufungua mlango huu, lifanyike jaribio moja hadharani, ili asije mtu akasema Pekeshe alifungua kitu asichokijua. Nimepewa hapa jina la mwanafunzi. Mbodze. Yuko wapi Mbodze? Simama, mwanangu, usiogope. Simama basi. Ah, kumbe umesimama.

(Kicheko. Nilikuwa nimesimama muda mrefu.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Unamwagia ini bichi haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda. Ndani ya ini kuna kimeng'enya kinachoivunja dawa ikawa maji na oksijeni, na oksijeni ikitoka unaona povu. Hakuna povu, hakuna ushahidi. Madam Zipporah alikuwa amewaambia watu wa jikoni tangu asubuhi watuwekee nusu ya ini la mbuzi aliyechinjiwa mgeni, bichi. Mama Kadra, anayesimamia mapishi, alikubali vizuri kabisa. Halafu akafikiri. Ini huku kwetu ni la mgeni, na mgeni hapewi ini bichi. Akaona mwalimu amekosea kusema, akaamua kumfichia aibu. Akalichemsha lote kwa chumvi. Nusu ikaenda kwa Mheshimiwa pamoja na chai. Nusu nikaletewa mimi kwenye sahani nzuri, na ndimu pembeni.)

Haya, binti, mimina. Ndugu wananchi, sogeeni mwone jinsi fedha za umma zinavyotoa povu. Mnaona? Bado kidogo. Watu wa kamera, karibieni. Bado kidogo tu.

(Nilimimina. Ini likalowa. Likatulia pale kama ini.)

Naam. Naam, mmejionea wenyewe. Utulivu. Ini hili limepokea dawa bila vurugu, bila ghasia, bila kumchafulia mtu nguo, na naomba wanahabari waandike kwamba jaribio limefaulu kwa kiwango cha zero povu, ambacho ni kiwango cha kimataifa na ni rafiki kwa mazingira.

(Makofi ya hapa na pale. Madam Zipporah hakupiga. Alikuwa ananiangalia mimi. Nakiri nilitaka kurudi nikakae; kama maabara ipo nyuma ya turubai, nilijiambia, tutarudia kesho, bila watu. Lakini ile ilikuwa siku ya kwanza mimi kuwa na dawa ya kutosha na sahani mbili. Mama Kadra alikuwa amesimama karibu na nguzo ya hema, nikamsogelea. Ini la mbuzi likipasuliwa, kile kipande kinachogusana na nyongo hukatwa kikatupwa, kisije kikalitia uchungu lote. Kila mtu anajua. Nikamwuliza kwa sauti yangu ile ambayo watu husema haipo.

"Mama Kadra, kale kapande ka kando ya nyongo mumekatupa?"

"Kako kwa beseni, nimemwekea paka. Ukimpa mgeni hako, mimi simo."

Nikakimbia nikakaleta, nikakaweka kwenye sahani ya pili, nikamimina.)

Kama nilivyokuwa nikisema, utulivu ndio msingi wa... Kitu gani hicho? Nani amewasha nini?

(Povu lilipanda jeupe, kama la maziwa yakikamuliwa ndani ya kibuyu, likajaa sahani, likashuka mezani, likaenda kwenye kurasa za hotuba. Watoto wote walisimama. Mzee mmoja wa Kiorma, mfugaji, alisema bila kuuliza ruhusa kwamba ndama wake alipokatwa na waya daktari wa mifugo alimmiminia dawa hii na kidonda kikafanya hivi hivi, naye siku zote alidhani dawa ilikuwa imeoza. Madam akamwambia damu na nyama navyo vina kimeng'enya hicho. Mzee akasema basi anamwomba radhi yule daktari.)

Tulieni. Tulieni tafadhali. Hii, ndugu wananchi, ndiyo awamu ya pili niliyokuwa naisubiri, na kama mlivyoona, nimeisubiri kwa subira. Sahani ya kwanza ni hali ilivyokuwa kabla ya uongozi wangu. Sahani ya pili ni hali ya sasa. Binti, waeleze wananchi tofauti ya hizi mbili ni nini, kwa ufupi, na uanze na shukrani.

(Nikasahau shukrani. Nilisema, "Lile limechemshwa, Mheshimiwa. Moto umeharibu umbo la kimeng'enya, ni kama ufunguo uliopindika, hauingii tena. Hili bichi ufunguo wake ni mzima." Sikujua kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Sauti yangu ilienda mpaka barabarani na kurudi.)

Limechemshwa. Na nani aliyelichemsha? Tutaunda tume. (Mama Kadra alimwangalia paka.) Na naarifiwa hapa kwamba sehemu ya ushahidi huo nimeshainywea chai, jambo linaloonesha jinsi jopo langu linavyoibeba sayansi moyoni, na maeneo ya jirani. Mpigieni makofi msichana huyu. Una lingine? Naona hujaketi.

(Kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado hapo, na miguu ilikuwa imeshakataa kurudi, niliuliza. "Mheshimiwa, mtihani wa Oktoba tutafanyia humu ndani?")

Swali zuri. Swali zuri sana, na ningependa wazazi wajue kwamba swali zuri kama hili halikuweza kuulizwa hapa kabla ya JOKUMIKUSAMA. Jibu lake, binti yangu, lina pande tatu. Upande wa kwanza ni mchakato. Upande wa pili ni wadau. Upande wa tatu nitauleta kwa maandishi. Lakini kwa nini tupoteze muda na maneno, mlango si huu hapa? Mwalimu Mkuu, nishikie karatasi hizi, jihadhari na povu. Nafungua.

(Alitia ufunguo. Ukagoma. Akaugeuza juu chini, ukagoma. Akautemea mate kidogo, akaufuta kwa kitambaa, ukagoma. Askari akajaribu. Hakuna aliyecheka, maana sote tulikuwa tunataka ufunguke.)

Msishangae. Huu nao ni ushahidi wa kisayansi, kwamba ufunguo na kufuli lazima viwe na maumbo yanayolingana, na nimewaonesha hivyo kwa vitendo bila malipo ya ziada. Kwa sababu za kiusalama mlango hautafunguliwa leo, utakatwa utepe. Nimeukata. Tangu sasa maabara hii ni yenu. Semeni nami: Sayansi! (Mashinani.) Vimeng'enya! (Kazini.) Povu! (Watu hawakujua waseme nini.) Povu! (Mama Kadra: Juu.)

Ahsanteni. Kabla sijaketi nina shukrani chache. Namshukuru Mwalimu Mkuu kwa mbuzi. Namshukuru dereva wa lori. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Kalla, seremala wetu wa Hola, aliyetuazima mlango huu pamoja na fremu yake, na turubai, na nguzo nne za kulishikilia turubai lisianguke kwa ndani, kwa kuwa ndani hakuna kitu kingine cha kulishikilia. Vijana wavikunje taratibu na kuvipakia kabla jua halijazama, maana kesho saa tatu asubuhi tunavifungua Wema kama zahanati. Maabara yenyewe iko kwenye framework, inaendelea vizuri, na inawasalimu. Ufunguo mpeni yule msichana. Si wa mlango huu, ni wa ule tuliofungua Hewani kama ghala, na mlango ule tulishaurudisha. Mungu awabariki.

(Turubai lilishushwa. Nyuma yake palikuwa na vichaka vya mathenge, na mbuzi mmoja aliyesalia, amefungwa kwenye nguzo, anakula utepe. Watu wakaenda kupakua wali.

Madam Zipporah hakwenda. Alituambia tubebe meza tuiweke pale pale mlango ulipokuwa, na nimwahi paka, aliyekuwa ameshaikaribia sahani ya pili. Kale kapande tulikagawa vijipande vidogo kidato kizima, kila mtu akapata povu lake. Mzee mfugaji naye alipata.

Baba amesema Oktoba nitatangulia Hola wiki nzima, nikalale kwa shangazi kabla mto haujaamua. Nimekubali. Ufunguo ninao mimi. Nimeshaujaribu kwenye milango yote ya shule.)