Jarida Lako Lihamie Kwenye Kundi la Familia

Miembeni, Bukoba

Kwa Baba Mdogo Nathanieli, Mhariri wa jarida la utafiti wa kilimo,

Shikamoo. Ni mimi Judica, mtoto wa kaka yako, yule aliyekaa kimya mezani siku ya Krismasi. Nilikuwa na la kusema, nikaona afadhali niliandike.

Migomba ya Bibi kule Izimbya inanyauka, na hana shamba jingine. Ulisema mna makala kuhusu ugonjwa huo, ila haiwezi kutoka mpaka wahakiki wawili wairidhie. Kwa heshima zote, nina malalamiko.

1. Wahakiki wako wanaisoma tangu mwaka jana. Shangazi Alistidia alipotuma dawa ya mnyauko kwenye kundi letu la WhatsApp, ukoo mzima uliipitisha kwa "Amina" kabla chai haijapoa. Wengine hata hawakuhitaji kuifungua.

2. Makala zenu hubeba kurasa nzima za marejeo. Ujumbe wa Shangazi ulikuja na maneno "umesambazwa mara nyingi", yaani umeshapita kwa watu wengi kuliko wahakiki wawili.

3. Wasomi mnabishana miaka. Binamu Mwesiga wa Kagoma aliuliza, "Nani kasema?" Shangazi akamjibu, "Wewe mtoto, unajua kuliko mtandao?" akamtoa kwenye kundi. Tangu hapo wote tunakubaliana.

4. Kwa hiyo naomba ulifunge jarida, makala zihamie kwenye kundi, na Shangazi awe Mhariri Mkuu. Hitimisho lije mwanzoni, maana ndilo tunalosambaza. Wewe utabaki mwanakundi, mradi usiulize vyanzo.

Kesho tunakwenda Izimbya kumwaga dawa yenyewe, maji ya chumvi na sabuni ya unga, kwenye migomba yote, hata iliyo mizima, ili isiambukizwe.

Nisalimie Mama Mdogo Rosalina, watoto, na wahakiki, popote walipojificha.

Mwanao mtiifu,
Judica, Kidato cha Tatu

Nyongeza, wiki mbili baadaye: Sikuwahi kuituma barua hii kabla ya safari, na baadaye nikaona aibu; leo naituma hivyo hivyo. Migomba iliyokuwa mizima nayo imenyauka. Shangazi anasema tulikosea vipimo. Tulipomuuliza vipimo ni vipi, alituma picha ya ua la waridi. Bibi sasa anakula mihogo ya jirani. Naomba ile makala, Baba Mdogo. Tafadhali itume haraka, ila wahakiki usiwaharakishe.