Ardhioevu Nyuma ya Bafu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ametoa amri ya mwisho. Bomba la bafuni litengenezwe kabla Jumapili haijaisha, la sivyo anachukua watoto na kwenda kwa mama yake. Amesema bila kupandisha sauti. Hapo ndipo nilipoogopa. Akifoka huwa tunamaliza kwa chai.

Nakiri, bomba linavuja. Limevuja tangu mvua za mwaka juzi. Nyuma ya bafu sasa kuna dimbwi lenye majani yake, mbu wake, na chura mmoja mwenye sauti ya mgeni rasmi. Lakini kwani mimi ni fundi bomba? Mimi ni mchapaji katika duka la fotokopi. Vidole hivi ni vya kazi laini.

Jirani yetu Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, alisikia yote kutoka uani kwake. Akasema atalitengeneza kabla chai haijapoa, tena bure. Bure! Nikamshukuru, nikakataa. Mtu huyu anataka kujenga banda lake la kazi hapo hapo mpakani, moto uwe unarukia kamba yetu ya nguo. Akishashika bomba langu, banda nitalikataa kwa mdomo gani? Isitoshe, mke wangu humwita "fundi" kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitiwa chochote.

Jumanne, 4 Machi

Nimeokoka!

Nilikuwa natoa nakala za semina moja kubwa: sheria za kimataifa, haki za binadamu na mazingira katika dunia ya utandawazi. Mashine ikatafuna ukurasa. Nikauvuta, nikauangalia kama unafaa. Salaale! Unasema ardhioevu, yaani ardhi inayokaa na maji, inalindwa na mkataba wa mataifa. Iwe ya asili au ya kutengenezwa na watu. Iwe ya kudumu au ya muda. Nikausoma tena nimesimama. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba isiwe nyuma ya bafu.

Kwa hiyo mimi si mvivu. Nimekatazwa kutengeneza bomba! Na Cheche amekatazwa kujenga. Sote tumekatazwa na dunia nzima, na mimi sina kinyongo.

Jioni nikamweleza mama watoto kwa upole. Akauliza kama hayo mataifa yatakuja kupiga deki bafuni. Nikamwambia suala hili ni pana. Akasema Jumapili nayo si mbali.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya utekelezaji. Kwanza nimelegeza nati ya bomba kidogo kwa koleo, ili ardhioevu isije ikapungukiwa. Dimbwi limenenepa vizuri. Chura ameridhika.

Pili, nimeandaa kibao cha kuelekea barabarani, kwa herufi kubwa za dukani: ENEO LA ARDHIOVU. USIKANYAGE. MATAIFA YANAKUONA. Neno lenyewe halikuenea kwenye ubao, ikabidi niiache E moja nje. Nani atakaa barabarani kuhesabu herufi?

Tatu, nimemwandikia barua pepe mtaalamu aliyetajwa mwishoni mwa ule ukurasa. Nimesema nina eneo nyeti. Sikudanganya. Mke wangu amekanyaga nyuma ya bafu leo na ndala imebaki humo humo.

Alhamisi, 6 Machi

Sikujua watu wa mtaa huu wanaheshimu mazingira kiasi hiki! Vibarua wa Cheche walikuja asubuhi kuchimba msingi. Wakasoma kibao. Wakanong'onezana. Wakaacha majembe na kuondoka bila kuaga. Muuza mboga hakufika mlangoni, aliita kutoka ng'ambo ya barabara. Mama mmoja alimbeba mwanawe mkubwa kabisa ili asikanyage upande wetu.

Cheche mwenyewe alikuja jioni, kofia mkononi. Aliuliza polepole, hapa kwetu kuna nini. Nikamjibu kuna mambo makubwa, yananizidi mimi na yeye. Akaitikia kwa kichwa na kurudi kwake kinyumenyume. Mwaka mzima nimebishana naye kuhusu mpaka, leo kibao kimoja kimemnyoosha. Huo ndio uwezo wa sheria ya kimataifa.

Mke wangu naye alikitazama kibao, akanitazama mimi, akakitazama tena. Akasema safari hii nimeandika ukweli. Nilifurahi sana. Ni nadra kwake kunisifu.

Ijumaa, 7 Machi

Mtaalamu amekuja! Mwanamama wa makamo, buti hadi magotini, kofia ya jua. Nimempa jina la Daktari wa Vyura. Dereva wake aliogopa kusimama mbele ya nyumba, sijui kwa nini, wakazunguka na kuingilia uani kwa Cheche. Kibao akakiona mgongo tu. Nilisikitika, maana ndiyo kazi yangu nzuri kuliko zote.

Alichuchumaa kando ya dimbwi na kumsikiliza chura kama anasikiliza taarifa ya habari. Akauliza maji yanatoka wapi.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema bomba. Neno fupi. Lilifika kabisa kwenye ulimi. Lakini Cheche alikuwa ukutani ametega sikio. Nikasema chemchemi.

Daktari akashika kifua. Chemchemi ya asili, katikati ya mji! Akapiga picha. Akasema kuna kampuni ya rangi ya ng'ambo inatafuta sehemu kama hii kwa hamu. Kampuni hiyo ilimwaga uchafu wake katika ziwa zima la watu wengine, samaki wakafa, wavuvi wakabaki wanapeleka kesi nchi hadi nchi bila kujua nani amshtaki nani. Sasa inataka kuhifadhi mahali fulani padogo, pa kuweka kwenye kalenda. Alisema hayo bila kucheka. Nikamwambia karibuni.

Nalala leo nikijiona mdau.

Jumamosi, 8 Machi

Maji yamenifika shingoni, na ni maji yangu mwenyewe.

Daktari amerudi na habari njema. Kampuni imekubali. Mgeni wao anakuja kesho. Chemchemi itawekewa uzio, na kwa kuwa sheria hairuhusu watu kuishi karibu na chanzo cha maji, nyumba yetu itaondolewa. Akanihakikishia tutahamishwa kwa heshima zote za binadamu.

Nikasema, nyumba ipi? Akanionyesha kwa kidole. Ile yenye sahani zetu dirishani.

Nikamwambia binadamu ana haki ya makazi. Akakubali kabisa, akasema ndiyo maana kuna semina, haki moja ikigongana na nyingine inabidi watu wakae wazungumze. Nikauliza semina hiyo ni lini. Mwakani.

Mke wangu alikuwa anaanua nguo, akasikia kila neno. Baadaye nikamkuta chumbani anashusha mabegi juu ya kabati, na binti yetu mdogo anauliza kama kwa bibi kuna nafasi ya kitanda chake. Nikaumia. Nampenda mke huyu. Nyumba hii tulipaka rangi pamoja, yeye kuta, mimi sakafu kwa bahati mbaya. Akaniambia niende nikamwambie yule mama ukweli, basi, ameshasamehe mengine yote.

Nikaahidi. Nitamwambia kesho. Baada ya picha. Sioni sababu ya kuaibika kabla ya kuonekana kwenye kalenda.

Jumapili, 9 Machi

Loo.

Mgeni alifika amevaa suti ya bluu na kamera shingoni. Yeye aliingilia mbele. Alikipenda kibao mno, akanisimamisha kando yake, mkono wangu juu ya ubao. Akampiga Daktari picha, akanipiga mimi, kisha akamwomba Daktari amtafsirie maneno yale apate kuyaandika chini ya picha.

Daktari akasoma. Akasoma tena, akanitazama kwa huruma. Akamwambia yule bwana kwamba pale pameandikwa ni eneo la ardhi ovu, na kwamba mataifa yanamwona.

Yule bwana akawa mwekundu, halafu mweupe. Alidhani tumemtegea kwa sababu ya lile ziwa! Alifuta picha zote palepale. Na mimi ndipo nikaelewa vibarua. Na muuza mboga. Na sifa za mke wangu.

Nilikuwa bado nafungua mdomo kueleza habari ya E, mke wangu akatoka bafuni. Akamwomba Daktari, kwa adabu zote, aje nyuma aitazame chemchemi. Akaita, "Fundi, funga!" Huko ndani Cheche akafunga koki. Chemchemi ikakata. "Fungua!" Ikabubujika. "Funga!" Ikakata. Majirani wote walikuwa ukutani. Kuna aliyepiga makofi.

Daktari alivua kofia, akasema amezunguka nchi nyingi lakini chemchemi yenye koki ndiyo anaiona leo. Akamchukua chura kwenye ndoo, akasema atampeleka mahali penye ukweli. Nilidhani angalau chura angeangalia nyuma.

Cheche alimaliza bomba kabla chai haijapoa. Mke wangu amemruhusu ajenge banda, lakini mita kadhaa mbali na kamba ya nguo. Wameelewana kwa maneno machache. Mimi sikuitwa kikaoni.

Jumatatu, 10 Machi

Bafu ni kavu. Nyumba ipo. Watoto wapo, mabegi yamerudi juu ya kabati. Mimi peke yangu ndiye niliyehamishwa. Jana nililala kwenye kochi, miguu nje. Chumba kimefungwa kwangu mpaka hapo atakapoona inafaa.

Lakini sikukata tamaa, kwa sababu ninasoma. Leo dukani nimepitia kurasa za semina zilizobaki. Kuna sura ya wakimbizi! Wapo hata waliofukuzwa makwao na mazingira. Na kuna kanuni moja nzito: mkimbizi hawezi kurudishwa kwa nguvu kule alikotoka. Sasa mimi ni nani, kama si mkimbizi wa mazingira?

Jioni nikavaa shati la kazini, nikasimama mbele ya mlango wa chumba na kumsomea mke wangu sura yote. Nikadai hadhi yangu itambuliwe rasmi. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano makali.

Alisikiliza hadi mwisho, ametulia kabisa. Akaomba nirudie ile sehemu ya kutorudishwa. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, watoto nao wasikie. Akasema hana neno la kupinga. Hadhi ameitambua, kanuni ameikubali, na ataiheshimu maisha yake yote. Akaniletea blanketi. Akaingia chumbani na kufunga kwa ufunguo.

Bila hata kubishana! Miaka yote ya ndoa yetu, hii ndiyo kesi ya kwanza nimeshinda.